Mlio Nyuma ya Sauti ya Recho

Mdomo huponza kichwa, na wa Mkaguzi Walburga Kumburu ulimponza asubuhi na mapema, chai yake ikiwa bado inafuka moshi.

Ofisini walikuwa watatu. Afande Hamphrey, mkuu wake wa upelelezi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, kama mtu aliyeitwa kuhojiwa. Kiti chake alikuwa amekikalia mtu aliyejitambulisha kwa jina moja tu, Kilian. Ofisi yake hakuitaja. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na sauti ya taratibu. Mtu anayeweza kumwondoa Hamphrey kwenye kiti chake bila kupandisha sauti haulizwi kitambulisho, na Walburga hakumwuliza.

"Sikiliza," Kilian alisema, akabonyeza simu yake.

Sauti ya mwanamke ikatoka. "Mume wangu alikataa. Aliwaambia upepo wa mwera unavuma, ziwa halifai. Wakamwambia mgeni rasmi anangojewa, uwanja wa mkutano hauwezi kuwa mtupu, na asipobeba watu leseni yake wanaichukua. Leo wanasema alikuwa amelewa. Clemence alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hakuijua hata harufu."

Mbinga nzima ilikuwa imeisikia sauti hiyo mara moja tu, kabla redio haijazimwa. Mashua ya abiria ilikuwa imezama mbele ya kijiji cha Lipingo, watu wakafa, nchi nzima ikalia. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Wakubwa wakaja na miwani myeusi, wakashika mikono ya wafiwa mbele ya kamera, nyumba kwa nyumba, isipokuwa nyumba moja. Hiyo ni ya nahodha Clemence, ambaye alitangazwa kuwa ndiye chanzo cha yote. Marehemu hajibu hoja, bwana. Ndipo Redio Ukingo, kituo kidogo chenye chumba kimoja na mtangazaji mmoja wa maana, kikarusha maneno ya mjane wake, Recho. Siku hiyo hiyo redio ikafungiwa kwa uchochezi na kwa kutumia msiba kisiasa. Mtangazaji Sixbert alichukuliwa nyumbani kwake akiwa na kandambili miguuni. Muda ambao sheria inaruhusu mtu kushikiliwa bila kuonekana mahakamani ulikuwa umeshapita, na hata Hamphrey hakujua amewekwa wapi.

"Sixbert hataki kusema alimrekodia wapi," Kilian alisema. "Tumemwuliza vizuri."

Walburga aliiangalia mikono ya Kilian. Ilikuwa safi, kucha zimekatwa. Hilo halikumtuliza.

"Huyu mama anatakiwa kwa kosa gani?"

"Hana kosa. Atakaa mbele ya kamera, aseme redio ilimlisha maneno. Basi. Sixbert atarudi kwa mkewe, na huyu mama atarudi kwake."

"Na akikataa?"

"Hatakataa." Kilian akarudisha sauti nyuma. "Wataalamu wetu wanasema huu mlio wa nyuma ni injini ya boti. Kwa hiyo bado yuko ziwani. Tunataka mtu anayewajua watu wa huku."

Hapo ndipo Walburga alipocheka. Hawa wataalamu wa mjini hawa.

"Injini gani hiyo inayozungushwa kwa mkono? Hiyo ni mashine ya kumenya kahawa. Mtoto yeyote wa Kimatengo anaijua, tumelelewa nayo. Huyo mama hayuko ziwani. Yuko milimani."

Afande Hamphrey alifumba macho. Walburga akaona, akajua amekosea, lakini neno likishatoka halina kamba ya kulivutia.

"Milimani wapi?" Kilian aliuliza kwa upole.

"Hapo sijui. Mashine ziko nyingi. Mwenye nayo humenyea na majirani zake. Wakiisikia inalia, wanaleta ndoo zao."

"Utamtafuta wewe," Kilian alisema. "Koplo Stephano atakuendesha."

*

Mtu hakimbilii milimani hivi hivi. Anakimbilia kwa mtu. Kwa hiyo Walburga alianzia ziwani, alikotoka Recho, ili ajue huyo mtu ni nani.

Ufukwe wa Lipingo ulikuwa umenyamaza. Mitumbwi yote ilikuwa imepinduliwa juu ya mchanga, na chanja za kuanikia dagaa wa usipa zilikuwa tupu. Jirani wa Recho, mama mtu mzima aitwaye Ida, alikuwa amekaa barazani akimenya mihogo. Alilitazama gari la kazi, kisha akaita ndani, na mlango ukafungwa kwa nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Namtafuta Recho."

"Amevuka. Yuko kisiwani Likoma, kwa dada yake."

"Lini?"

"Baada ya mambo ya redio."

"Alivuka na chombo gani?"

"Mtumbwi wa watu."

Walburga aligeuka akatazama ufukwe bila haraka. "Mtumbwi upi, mama? Hii yote imepinduliwa, na buibui ameshatanda chini yake. Ziwa bado lina watu ambao halijawarudisha. Mpaka liwarudishe, hakuna wa hapa anayetia kasia majini. Si ndiyo desturi yenu?"

Kisu cha Ida kilisimama.

"Usinidanganye kwa ziwa, mama."

"Basi usiniulize."

Walburga alijikunja akakaa chini karibu naye, akachukua muhogo mmoja akaanza kuumenya kwa kisu chake kidogo. Alipomaliza akachukua wa pili.

"Recho alikuwa anapeleka usipa juu milimani," alisema. "Wauza usipa wote wana mwenyeji huko juu. Mnalala kwake, mnampa samaki, anawapa maharage. Mwenyeji wa Recho ni nani?"

"Mwanangu," Ida alisema, "kabla yako walikuja wanaume wawili. Mmoja aliuliza. Mwenzake alimshika mjukuu wangu mkono muda wote huo. Hakumwumiza. Alimshika tu, huku ananitazama."

"Uliwaambia nini?"

"Likoma."

"Na mimi?"

"Likoma."

Walburga alinyanyuka akajipangusa mchanga. Ida akasema, si kwake hasa, bali kwa ile mihogo:

"Clemence tulimzika kama mwizi. Magari yalisimama makaburini, watu wakaogopa kuja. Hakuna aliyempa Recho mkono, hakuna aliyemkalia matanga. Mjane akaondoka na Luisa wake mgongoni, mtoto wa kunyonya, hata pole hajapewa."

"Pole, mama," Walburga alisema.

"Usinipe mimi. Mpe mwenyewe."

*

Njiani kurudi Mbinga Walburga alivaa visikilizio, akaifungua sauti aliyotumiwa na Kilian. Safari hii hakusikiliza maneno. Alisikiliza mashine.

Ilikoroma, ikakoroma, kisha *tak*. Kila mzunguko, *tak*. Halafu ikapumzika kidogo, kama mzungushaji anabadilisha mkono. Halafu tena, *tak*.

Walburga akairudisha sauti nyuma, akasikiliza tena.

Marehemu baba yake alikuwa na mashine iliyovunjika jino. Badala ya kununua jino jipya alichomeka nati ya baiskeli, akasema inatosha. Tangu hapo kila mzunguko ile nati iligonga bati, na nyumba nzima ilizoea. Na mama yake alikuwa na bega la kushoto linalouma, hawezi kuzungusha muda mrefu bila kubadili mkono. Jina la mama yake ni Luisa. Mwanglikana wa Lipingo amempa mtoto wake jina la Mkatoliki wa kijiji cha Ruanda, huko milimani, na yeye mpelelezi mzima amelisikia jina hilo barazani kwa Ida na limempita.

Aliogopa, na aliogopa kweli. Asubuhi alikuwa amemwambia Kilian atafute nini. Jioni, wachumaji wakirudi, mashine zote za milimani zinalia, kwa sababu kahawa haimenywi kesho. Vijana wa Kilian wangehitaji tu kupita na ile sauti masikioni mwao, shamba kwa shamba, mpaka waisikie *tak*. Kumpigia mama simu haikuwezekana. Kama wanamjua mjukuu wa Ida, simu ya Mkaguzi watakuwa wanaisikiliza.

"Tukifika Mbinga usisimame," alimwambia Stephano. "Twende Ruanda. Mama yangu anaumwa."

Koplo Stephano aliendesha mpaka kona ya pili, ndipo akasema.

"Afande, nimeambiwa nimpigie Kilian simu kila tunaposimama." Alikuwa anatazama barabara tu. "Nina watoto."

"Najua. Utapiga."

"Niseme nini?"

"Useme ukweli. Nimeenda kumwona mama."

Baada ya Mbinga barabara ilikuwa na malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, yakishuka moja nyuma ya jingine, na vumbi jeusi limelala kwenye majani. Walburga hakuwahi kuyashukuru malori hayo maishani mwake. Siku hiyo aliyashukuru, kwa sababu yangemchelewesha mtu mwingine pia.

*

Aliacha gari barabarani, akashuka kwa miguu kati ya mibuni. Mashine aliisikia kabla ya kuiona nyumba. *Tak.*

Mama Luisa alikuwa amesimama kwenye mashine, kanga imefungwa kiunoni, ndoo ya kahawa nyekundu pembeni. Hakuacha kuzungusha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na gari la kazi."

"Ndiyo."

"Basi umekuja kazini."

"Acha kuzungusha kidogo, mama."

"Kahawa haingoji. Ikilala inachacha."

"Recho yuko wapi?"

"Recho yupi?"

"Mwuza usipa. Aliyempa mtoto wake jina lako."

Mashine ikasimama. Na katika kimya hicho, ndani ya nyumba, kichanga kikalia. Mama Luisa akaushika mpini haraka akaanza kuzungusha tena kwa nguvu, uso wake umekunjamana kwa maumivu ya bega. Walburga akaelewa yote. Mashine kwenye ile sauti haikuwa bahati mbaya.

"Ulikuwa unawafichia sauti."

"Kijana wa redio alikuja na pikipiki. Mtoto analia, mama yake anasimulia, majirani wako hapo. Nikasema, mimi nitamenya." Mama akatabasamu kidogo. "Hata ya kijani nilimenya siku hiyo."

"Mama, hiyo mashine ndiyo iliyowataja. Nati ya baba."

Tabasamu likaondoka. Aliangalia ile nati kama mtu anayemwangalia ndugu aliyemsaliti.

Recho alikuwa ameshatoka mlangoni. Alikuwa mwembamba, mtoto begani, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Nipeleke, Afande," alisema. "Sixbert anateswa kwa ajili yangu."

"Unajua wanataka useme nini?"

"Najua."

"Utasema?"

Recho alimtazama mtoto. "Huyu atakuja kuniuliza baba yake alikuwa nani. Siwezi."

"Basi ukienda hutarudi," Walburga alisema. "Na Sixbert hatarudi pia, maana watakuwa hawana sababu ya kumwachia."

Juu barabarani gari lilizima injini. Halikuwa la Stephano.

"Ndani," Walburga alisema. "Wote wawili. Mnyonyeshe."

Alibaki peke yake uani. Kwanza alijaribu kuichomoa ile nati. Kutu ilikuwa imeishika, kucha yake ikakatika, nati haikusogea. Hatua zilikuwa zinashuka kati ya mibuni. Akinyamazisha mashine, Kilian atamsikia mtoto. Akizungusha, Kilian ataisikia nati. Ndani kichanga kikaanza tena, na Walburga akaushika mpini akazungusha.

Kilian alikuja ameshika simu sikioni. Alisimama mbele ya mashine, akaitoa simu, akaiweka juu ya gogo ikiwa inalia. *Tak*, simu ilisema. *Tak*, mashine ikajibu.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Amelala."

"Mwambie pole."

"Nitamwambia."

Alivuta kigoda cha Mama Luisa akakaa, akakunja nne, akazitazama buni zikishuka upande mmoja na maganda upande mwingine. Hakuwa na haraka yoyote. Hilo ndilo lililomtisha Walburga kuliko kama angevunja mlango. Jasho lilimshuka machoni na hakuweza kulifuta. Ndoo ilipungua. Alimimina kilichobaki, akazungusha, na mashine ikaanza kusikika nyepesi, bati likikwaruza bati.

"Kahawa imeisha, Afande," Kilian alisema.

Walburga aliendelea kuzungusha.

"Afande. Imeisha."

Alizungusha mashine tupu. Hakuwa na mpango mwingine wowote. Upelelezi wake wa miaka yote, vyeo na mafunzo, vilikuwa vimefika kwenye mpini wa mashine isiyo na kitu ndani.

Ndipo sauti ikatoka kwenye njia ya chini. "Mama Luisa, leo umechuma shamba zima? Tumesikia mashine haikomi, tukasema atumalizie na zetu."

Alikuwa Aurelia, jirani, ndoo kichwani. Nyuma yake Ottilia, na nyuma ya Ottilia wengine, wa ng'ambo ya kijito na wa mlima wa pili, wakishuka kwa mstari na kahawa yao. Mashine ikilia wanakuja. Ndivyo kitongoji kilivyozoea tangu baba yake Walburga anunue mashine hiyo. Walipomwona mgeni wakasita, wakamsalimu, wakatua ndoo zao.

"Kumbe ni Wali," Aurelia alisema. "Mjini hamna kazi?"

"Ipo," Walburga alisema.

Kilian alitabasamu kwa adabu. "Endeleeni tu, mama zangu. Mimi nitangoja mpaka mmalize."

Walburga alizipima zile ndoo kwa macho. Zingeisha. Wanawake wangekwenda kupika, giza lingeingia, na uani wangebaki walewale. Kilichomweka Recho hatarini hakikuwa Kilian peke yake. Kilikuwa ni kufichwa. Mtu aliyefichwa na watu wake anaweza kuchukuliwa bila mtu kujua, na kesho kila mmoja akasema hakuona.

Akaachia mpini.

Mashine ikasimama. Kilio cha mtoto kikajaa uani, na hakuna aliyebaki bila kukisikia. Kilian alinyanyuka.

"Recho," Walburga aliita kwa sauti kubwa. "Mke wa Clemence. Toka nje, uje upewe pole."

Mlango ukakaa kimya. Walburga alihisi kama ameua mtu. Kisha ukafunguliwa, akatoka Mama Luisa kwanza, amebeba mkeka. Akautandika katikati ya uwanja. Recho akafuata na mtoto, akakaa, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani.

Wanawake walimjua wote. Wamekula usipa wake miaka. Hakuna aliyeuliza kitu. Aurelia alijifuta utomvu wa kahawa kwenye kitenge, akapiga magoti, akampa mkono. "Pole, dada. Pole na baba watoto." Ottilia akafuata, akaanza kulia, na kilio chake kikapokewa na walio nyuma. Mmoja alishaenda kuchukua kuni.

"Huyu mama anahitajika kwa mahojiano," Kilian alisema. Sauti yake bado ilikuwa ya taratibu, lakini ilibidi aipandishe ili isikike.

"Na sisi tunamhitaji," Aurelia alimjibu bila kugeuka. "Panga mstari."

"Mjane akishakaa mkekani haondoki mpaka tuanue matanga," Mama Luisa alisema. "Hata babangu, aliyeogopwa kijiji kizima, hakuweza kumwondoa mtu matangani, sembuse wewe. Tutalala hapa."

"Maelezo yake nitayachukua mimi," Walburga alisema. "Hapa hapa, mbele ya hawa wote, na kila mmoja atakuwa shahidi. Kesho nayapeleka kwa hakimu, na nitamwuliza hakimu Sixbert yuko wapi. Afande Hamphrey atajua kabla ya leo kuisha. Hata paroko atajua."

Kilian aliichukua simu yake juu ya gogo, akaizima. "Unajua unachofanya, Mkaguzi?"

"Sijui," Walburga alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kilian alikuwa anageuka kuondoka Mama Luisa alipomwita.

"Mgeni. Umekalia kigoda changu, umenyamaza, sikukufukuza. Lakini kwetu mtu hatoki msibani bila kutoa pole."

Wanawake wakaacha kulia. Walimtazama wote, na njia ya kurudi barabarani ilipita katikati yao. Kilian alisogea mpaka mkekani. Akainama, akanyoosha ule mkono safi wenye kucha zilizokatwa.

"Pole."

"Wengine hatujasikia," Mama Luisa alisema. "Na marehemu ana jina."

Tangu mashua izame hakuna mtu wa upande wa Kilian aliyewahi kulitamka jina hilo bila kuweka neno *mlevi* karibu.

"Pole," alisema kwa sauti, "kwa msiba wa Clemence."

Recho aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, na hakuuachia.

"Ahsante, baba," alisema. "Hakuwa amelewa."